Unga Mwekundu wa Veterinaire

Alizaliwa wapi, sijui, na sikumwuliza. Alitufikia Butembo akiwa mtu mzima, mwenye kipara tayari, amebeba barua ya Serikali iliyomtuma kutibu mifugo yetu, na Serikali yenyewe ikamsahau siku ile ile aliyoshuka kwenye lori. Sisi tulimwita Veterinaire. Jina alikuwa nalo, liliandikwa kwenye kitambulisho, lakini nakuapia hata padri wakati wa komunyo alikuwa karibu kusema, "Mwili wa Kristo, Veterinaire."

Nilimjua kwa sababu tulikaa parcelle moja, ua mmoja. Mimi nilikuwa mbele, upande wa barabara, na duka langu la chakula cha kuku. Yeye alikaa chumba cha nyuma, karibu na jiko. Niseme mapema ili tusidanganyane: mtu huyu alinichosha. Alichukua sufuria zangu bila kuomba, akazirudisha zikinuka maziwa mabovu. Lakini nikisikia mtu mwingine anamcheka, mimi na huyo mtu hatutaelewana. Kumcheka Veterinaire ni haki yangu mimi, nimeilipia kwa sufuria.

Kitu alichokitaka duniani kilikuwa kimoja tu. Huko juu, kwenye malisho ya baridi ya Lubero, ndama walikuwa wanazaliwa wazuri, macho wazi, masikio yanacheza, halafu hawasimami. Ukimwinua anaanguka. Ukimshikisha titi la mama yake ananyonya, ukimwachia analala, na baada ya siku chache mnachimba shimo. Kaka yangu mkubwa alikuwa mchungaji huko na kila msimu alikuwa anazika. Watu walisema uchawi. Wengine walisema moshi wa baruti umeingia kwenye majani. Veterinaire alimpasua paja ndama mmoja aliyekufa, mbele ya wenyewe, na nyama ilikuwa nyeupe, nyeupe ya kuku wa kuchemsha.

"Haiko bulozi," akasema. "Ni udongo. Mu udongo ya hapa kunakosa kitu moja kidogo sana, inaitwa seleniamu. Majani haina. Mama anakula majani, hana. Mutoto anazaliwa, hana. Donc, kwa hiyo, misuli inakufa."

Alitaka ng'ombe mwenye mimba apewe seleniamu kidogo kabla ya kuzaa, ili ndama wake asimame. Basi, hapo ndipo dunia yake ilipoishia. Nyumba hakutaka, cheo hakutaka. Mke alikuwa naye, alisema, lakini alibaki ng'ambo ya mstari wa vita, na barua zilikuwa haziruki risasi.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo watu wengi walimpoteza. Hiyo seleniamu inatoka Ulaya kama chumvi nyeupe. Yeye alikuwa na mkebe wake mmoja, aliouokoa kwenye depo ya Serikali wakati depo bado ilikuwa na mlango. Lakini chumvi ile ni sumu kali. Ukizidisha ncha ya kisu, umeua ng'ombe. Na mchungaji wetu hana mizani, ana kiganja chake. Ndiyo sababu Veterinaire alianza mambo ya chupa.

Alikusanya chupa tupu za bia, akazijaza maji ya maziwa ya kuganda, yenye bakteria wengi kuliko watu wa soko kubwa siku ya Jumamosi. Akatia humo chumvi yake, kidogo, kidogo. Ukipita asubuhi unaona chupa nyeupe zimepangwa ukutani kwangu. Siku mbili tatu zikipita, unaona chupa nyekundu. Wale bakteria wameila sumu na kuitoa tena ikiwa punje nyekundu, ndogo hata hadubini ya zamani aliyopewa na masista haikuweza kuzionyesha. "Ni ndogo kuliko ndogo," aliniambia. "Bazungu banaita nano." Alizichuja, akaziosha, akazianika kwenye ungo wangu wa soya, akachanganya na pumba za mahindi. Ukali wa sumu ulikuwa umepungua sana, faida imebaki. Hata kiganja cha mchungaji kikizidisha kidogo, ng'ombe hafi.

"Donc bale badudu banakula sumu, banatoa dawa?" nikamwuliza.

"Njo vile, Mama Masika," akajibu, yaani ndivyo hivyo.

"Basi ni bazuri kuliko serikali. Ile inakula dawa, inatoa sumu."

Hakucheka. Masikini, aliiheshimu Serikali kuliko yenyewe ilivyojiheshimu.

Kila asubuhi alivaa blouse yake nyeupe, lile koti la daktari, akafunga hadi kifungo cha shingo, akatembea kwa miguu mpaka bureau ya mifugo, chumba chenye meza moja na kiti kisicho na mgongo. Jeshi likiingia mjini, yuko bureau. Jeshi likikimbia, lingine likaingia, yuko bureau. Wakati ule kila harakati ya waasi ilitangaza redioni kwamba imekuja kutukomboa kutoka kwa wakombozi wa jana, na kila kiongozi mpya aliyezunguka kukagua ofisi alimkuta mtu mmoja tu yuko kazini.

"Nani anakulipa?" wakamwuliza.

"Serikali."

"Serikali gani?"

"Yenye iko," akajibu, na akaomba chokaa ya kupaka ukuta.

Alikuwa na vituko. Mtu aliyeingiza mkono mzima ndani ya ng'ombe bila kukunja uso, akiona kimbwa cha jirani alipanda juu ya meza. Akifika kwa mtu alimsalimia kwanza ng'ombe, halafu mwenye ng'ombe, na wazee wetu wa Kinande, ambao salamu kwao ni nusu ya urafiki, hawakumsamehe. Alihubiri kuwahurumia mbuzi, na Jumapili baada ya misa alikuwa wa kwanza kwenye mishikaki. "Ninamuhurumia akiwa muzima," alisema, huku anatafuna. Na kila mtu alimwambia neno lile lile, mpaka watoto wa parcelle walilijua kuliko Baba Yetu: "Kidogo njo dawa, mingi njo kaburi."

Lakini kilichonitesa zaidi ni kwamba hakujua kudanganya. Katika mji wetu, na katika miaka ile, huo ulikuwa ulemavu.

Siku moja tulipanda lori kwenda Lubero, mimi na magunia yangu, yeye na chupa yake nyekundu aliyoipakata mapajani. Kwenye barrière, kizuizi cha jeshi barabarani, askari akagonga chupa na mtutu wa bunduki.

"Iko nini mu chupa?"

Mtu yeyote mwenye akili angesema dawa ya minyoo. Veterinaire akasema, "Bakteria, chef."

"Bakteria njo nini?"

"Ni badudu bale banaletaka magonjwa."

"Bya kuuwa batu?"

"Bengine banauwa batu, ndiyo," akasema, maana aliulizwa. "Mais hawa hapana."

Ee Bikira Maria! Ile "lakini" yake ya Kifaransa, "mais hawa hapana", hakuna aliyeisikia. Tulilazwa wote kwenye majani, abiria wazima wazima, mama wajawazito na mzee mmoja mwenye jogoo. Nilianza rozari. Kilichotuokoa ni askari kijana ambaye baba yake alikuwa na mbuzi. Aliposikia kwamba huyu mtu ni veterinaire akamwuliza juu ya mbuzi wenye kuhara. Veterinaire akajibu akiwa bado amelala kifudifudi. Tukainuliwa. Muda si muda askari wamepanga mstari, kila mmoja na swali lake la kuku, maana kambi ilikuwa imejaa kuku.

"Hawa kuku ni ba nani?" akauliza Veterinaire, kwa upole kabisa, kwa ajili ya matibabu.

Tukalazwa tena.

Tulifika kwa kaka yangu jioni jua likiwa bado lipo. Kaka ni mtu mzuri, lakini ni mtu wa kwetu, na mtu wa kwetu ana ugonjwa mmoja. Matajiri wetu wanapanda ndege wanakwenda kununua mpaka vijiti vya meno nchi za mbali, wanarudi, na mji mzima unauliza swali moja: ni original? Sabuni, msumari, dawa ya kichwa: ni original? Kitu kilichotengenezwa hapa kwetu, hata kiwe kizuri namna gani, tunakiita copie kabla hatujakigusa. Kaka aliushika unga mwekundu, akaunusa.

"Inatoka inchi gani?"

"Butembo," akasema Veterinaire. "Mu jiko ya dada yako."

Kaka akanitazama mimi, mimi Kahindo wake niliyemwunguzia maharagwe utoto wangu wote. "Kahindo njo anatengeneza dawa? Veterinaire, ng'ombe wa maskini hazai, hiyo najua. Mais siwezi kumupa na mambo ya jiko ya Kahindo." Akamrudishia mfuko wake kwa mikono miwili, kwa heshima zote. Mwaka ule alizika ndama tena.

Aliyekubali alikuwa mjane mmoja mwenye ng'ombe mmoja, kwa sababu hakuwa na njia ya kukataa kitu cha bure. Ndama wake alisimama. Nilikwenda kumwona mwenyewe. Alikuwa anarukaruka mpaka akaangusha ndoo. Na wachungaji walisema nini? Walisema yule mjane anasali sana. Veterinaire alikaa juu ya jiwe anamtazama ndama yule, uso umemlainika, na hakubishana na mtu. Mimi ndiye niliyebishana. Nilibishana mpaka sauti ikanikauka, nikarudi Butembo ninaongea kwa mikono.

Habari za chupa zilipofika mjini, ofisi za harakati zikaamka. Zilikuwa zimelala kwa kila jambo, maji, barabara, shule, lakini kwa hili ziliamka tatu kwa mpigo. Bwana wa Madini akaja parcelle akasema: hii ni madini, inatoka kwenye chumvi ya mawe, ni yangu. Bwana wa Vinywaji akaja akasema: iko ndani ya chupa ya bia na inachacha, hii ni pombe, ni yangu. Bwana wa Kilimo, aliyekuwa bosi halisi wa Veterinaire ingawa walikuwa hawajawahi kuonana, akasema: inaliwa na ng'ombe, kwa hiyo ni majani. Walikaa kwenye viti vyangu, wakanywa chai yangu, wakatukanana kwa Kifaransa. Yule wa Vinywaji alitaka kuonja ili athibitishe. Nilimwambia karibu sana, baba. Veterinaire akamnyang'anya chupa.

Kisha likaja jambo la Komanda.

Komanda wa wakati ule alikuwa mtu wa jimbo la mbali, anapenda miwani myeusi na maziwa. Ng'ombe alikuwa nao wengi, na usiniulize aliwapataje. Aliwaweka juu ya kilima nyuma ya uwanja wa ndege wa Rughenda, na ndama wake wakaanza kuzaliwa wanaanguka, maana udongo hauogopi cheo. Akamwita Veterinaire. Nilimsindikiza mimi na gunia la pumba, kwa kuwa nilijua ulimi wake.

Veterinaire akampa unga mwekundu, akamweleza yote, chumvi, maziwa, bakteria. Komanda alisikiliza mpaka neno moja, Ulaya, akasimama hapo hapo.

"Ile ya pembe, inatoka Poto?" Nyeupe, alimaanisha, na Poto ni Ulaya.

"Ndiyo, mon commandant. Mais ile ni sumu."

"Na hii ya rouge unatengenezaka wewe mwenyewe?"

"Mimi na bakteria."

Komanda akageuka kwa watu wake, akacheka. "Munaona batu ba Butembo? Original banaficha ku nyumba. Copie njo banapatia jeshi."

Veterinaire akapiga magoti. Nilimwona kwa macho yangu, mtu mzima na blouse nyeupe, amepiga magoti kwenye samadi. "Mon commandant, ninakuomba. Ile nyeupe utauwa bangombe. Kidogo njo dawa, mingi njo kaburi."

"Kidogo ni ya bamaskini," akasema Komanda.

Askari walikuja parcelle wakachukua mkebe. Asubuhi ya pili kila ng'ombe mwenye mimba kule kilimani alipewa kijiko kizima cha chumvi nyeupe ya Ulaya, original kabisa. Wanasema kabla ya saa sita kilima chote kilinuka kitunguu saumu. Ndiyo harufu ya pumzi ya ng'ombe aliyekula sumu ile. Askari wa zamu walifurahi, walidhani jikoni wanakaanga nyama. Kweli nyama ilikuwepo, nyingi, lakini ya kuzika.

Veterinaire alikamatwa siku ile ile. Kosa: kuhujumu uchumi wa vita. Wakamfungia ndani ya kontena ya chuma, na mjini ikajulikana kwamba atapigwa risasi. Mimi nilikwenda na akina mama wa soko, na padri mbele yetu, tukakaa chini mbele ya kambi tukiimba nyimbo za Kwaresima, na haikuwa hata Kwaresima. Niliogopa, sitaficha. Nilitetemeka mpaka kitenge kilinifunguka kiunoni.

Unajua nani alimwokoa? Siyo sisi. Ni wale mabwana watatu. Wa Madini aliposikia Komanda anataka kumhukumu, alipeleka barua: kesi ya madini ni ya ofisi yake. Wa Vinywaji akasema hapana, chupa ni chupa. Wa Kilimo akadai mtu ni mfanyakazi wake na hawezi kupigwa risasi bila sahihi yake, na sahihi yake inahitaji muhuri, na muhuri uko kwa kiongozi mkubwa kule Beni. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Waligombana mpaka harakati yenyewe ikagawanyika vipande viwili, kwa sababu nyingine za kijinga vile vile, Komanda akakimbilia kipande kimoja, na mlinzi wa kontena akaondoka akamwachia Veterinaire ufunguo, akimwomba kwanza ushauri juu ya nguruwe.

Alitoka amekonda, ndevu zimeota nyeupe. Neno lake la kwanza kwangu: "Chupa ziko?" Ilikuwepo moja. Nilikuwa nimeilisha maziwa kila mara, nikiitukana.

Lakini jina lake lilikuwa limekufa. Huko Lubero habari ilifika kwa njia yake ya kawaida, miguu juu kichwa chini: dawa ya Veterinaire iliua ng'ombe wa Komanda. Waliyokula ng'ombe ilikuwa nyeupe, ya Ulaya, lakini nani anauliza rangi? Kaka yangu aliapa kwamba akimwona na mfuko wake atamfungulia mbwa. Watu walipita upande wa pili wa barabara. Hata mjane alirudisha kimfuko kilichobaki. Asubuhi moja Veterinaire alifunga bureau, akaniachia sufuria zangu zote zimesuguliwa zinang'aa, akashuka Beni na chupa ile ndani ya koti. Nilikasirika sana na mji wangu. Mpaka leo nikikumbuka ninakasirika.

Miaka ikapita, bunduki zikapungua kelele. Nikasikia kwamba ndama wa Lubero wanasimama. Kuna dawa mpya, walisema, inakuja kwenye mikebe, ya Ulaya, wachungaji wanaigombania. Kaka yangu alinionyesha zizi lake: ndama wanasukumana, wanakanyagana, wanawapiga vichwa mama zao. Alilia mbele yangu, kaka yangu yule mgumu. Alisema sasa anaweza kuozesha binti yake bila aibu.

Tulishuka Beni pamoja kwa ajili ya harusi hiyo, na kaka akataka kununua dawa penyewe inapotoka, kwenye depo ya mfanyabiashara mmoja anayeagiza chumvi na dawa za Ulaya, karibu na soko. Tukaingia. Nyuma ya meza, bila blouse, na shati la kawaida, alikuwa amekaa Veterinaire.

Mikebe ilikuwa imejaa ukutani. Ilikuwa mikebe tupu ya maziwa ya unga, ile inayotoka nchi za wazungu, yenye picha ya ng'ombe mnene amesimama kwenye majani. Mmoja ulikuwa wazi. Sikuhitaji kusogea, ningeujua unga ule popote, niliuanika miaka kwenye ungo wangu. Na nyuma ya pazia niliona chupa za bia zimepangwa, nyekundu, na harufu ya maziwa ya kuganda ilitoka mpaka mlangoni.

Kaka hakuangalia pazia. Alikuwa anamwangalia ng'ombe wa kwenye picha. Kisha akamtambua mtu, akaona haya kidogo, lakini furaha ilimshinda.

"Veterinaire! Kumbe na wewe unauzisha hii? Ulifanya vizuri kuacha ile yako. Ile ilikuwa inauwa, usikasirike."

"Siko nakasirika, muzee."

"Hii njo dawa. Batoto ba ngombe banasimama bote! Bote!" Alikuwa ameukumbatia mkebe kifuani. Halafu ugonjwa wetu ukampata, akautenga kidogo, akauangalia chini, akauangalia juu. "Mais ni original? Inatoka Ulaya kabisa?"

Nilifungua mdomo. Nilitaka kumwambia kaka yangu yote, pale pale, kwa sauti ya kusikika soko zima. Veterinaire alinitazama mimi. Kisha akatazama mikono ya kaka, iliyokuwa imeshika mkebe lakini ilikuwa tayari kuurudisha mezani.

"Kabisa, muzee," akasema. "Ulaya."

Kaka akatoka nje anaimba, kutafuta pikipiki ya kubebea mikebe. Mimi nilibaki nimesimama, machozi yananitoka, na sikujua namlilia nani.

"Wewe!" nikamwambia. "Wewe Veterinaire!"

"Usilie, Mama Masika," akasema. Akavuta kiti, akakipangusa na mkono wa shati. "Kaa unisaidie kukaza vifuniko. Lori ya Lubero inatoka mchana."

Nikakaa, nikakaza.